Makatoni Manane ya Rozela

Kalamu Mbili alipata jina lake kutokana na kalamu mbili alizozichomeka daima katika mfuko wa shati. Hakuna hata moja iliyokuwa na wino. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameishi mjini kwa kuamini, na mara nyingi kuthibitisha, kwamba watu hawamwogopi mtu anayejua. Humwogopa mtu anayeelekea kuandika. Kwa msaada wa kalamu hizo alikwisha kuwa afisa wa mita za maji, mpima viwanja, msajili wa kwaya na, kwa muda wa wiki mbili zenye mafanikio makubwa, mtaalamu wa sauti za kuku. Mtaalamu wa sauti za kuku hufanya nini, yeye hakueleza, na wateja wake hawakuuliza, kwa kuwa kila mmoja alichelea kuonekana wa kwanza kutojua.

Jumatatu moja asubuhi alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa soko, akisoma kwa umakini wa mtu anayetafuta kazi ya kutofanya. Tangazo jipya lilikuwa limebandikwa juu ya mengine. Duka kubwa lenye matawi katika miji mitano lilihitaji ngozi ya rozela, makatoni manane kwa kuanzia, kutoka kwa mtengenezaji mmoja tu. Mzigo ulitakiwa ufikishwe katika ofisi ya duka hilo Jumamosi ya wiki iliyofuata, ukapimwe ubora. Atakayefaulu angepewa oda ya kila mwezi.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuitafuna, ngozi ya rozela haina mnyama. Maua mekundu ya rozela hutolewa mbegu, huchemshwa, hupondwa na kuchujwa, kisha huchanganywa na sukari na ndizi mbivu. Rojo linalopatikana hutandazwa kwenye trei na kukaushwa mpaka liwe kama karatasi laini yenye wekundu uliokolea. Karatasi hiyo hubanduliwa, hukatwa vipande virefu, hukunjwa kama mkeka na kuliwa. Kitu chenyewe ni chepesi. Ugumu uko katika kukitengeneza kisipasuke, kisinate wala kisiote ukungu, na ugumu huo ulikuwa umewagawa watu wawili waliokuwa wakilisoma tangazo lile bega kwa bega na Kalamu Mbili.

Wa kwanza alikuwa Tajiri wa Ghala, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyechemsha rozela yake mpaka ikasahau kuwa ilikuwa ua, na kuianika juani juu ya mabati. Wa pili alikuwa mwanamke mstaafu aliyefundisha mapishi shuleni kwa miaka thelathini na mmoja na ambaye mji mzima, pamoja na waliokuwa wamemzidi umri, ulimwita Mwalimu.

Tajiri alitaka kujua vile vitrei vya Mwalimu vingejaza makatoni manane lini, mwaka huu au ujao.

"Yangu yatajaa taratibu," alijibu Mwalimu bila kugeuka. "Yako yatajaa upesi, maana vipande vilivyovunjika havibagui nafasi."

Tajiri akacheka kwa mdomo peke yake, akamwambia kwamba mabinti wawili wa dada yake Mwalimu wanamsalimu kutoka ghalani; wameanza kazi leo asubuhi na wameipenda. Mabinti hao ndio waliokuwa mikono ya Mwalimu kazini. Waliosimama karibu walijua pia jambo jingine, kwa sababu mjini hapo hakuna siri inayovuka bomba la maji: mwanawe wa kiume alikuwa amemwandalia chumba katika mji mwingine, chenye kiti cha kuegemea na luninga, na walikuwa wameafikiana kwamba oda hii ikimponyoka, angefunga chumba chake cha kukaushia na kwenda kukalia kiti hicho. Mwanawe aliita hilo kupumzika. Mwalimu aliliita kuwekwa kabatini.

Kalamu Mbili aliyasikia yote hayo, na moyo wake ukaguswa pale mioyo ya aina yake inapoguswa. Saa sita mchana alikuwa ghalani kwa Tajiri.

Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, kwa kuwa watu wawili wasio waaminifu huelewana haraka kuliko wachumba. Kalamu Mbili alieleza kwamba angejitambulisha kwa Mwalimu kama mkaguzi wa ubora. Angemwacha amalize makatoni manane, kisha angeyatangaza kuwa hayafai kuliwa na binadamu, ayachukue kwa madai ya kwenda kuyateketeza, na kuyaleta hapa yabandikwe lebo ya ghala. Tajiri angepeleka dukani ngozi bora ya mjini bila kuchafua hata kidole. Tajiri alitafakari kwa muda unaotosha kumeza mate, akaahidi kwamba siku duka litakapoupokea mzigo, pikipiki iliyoegeshwa pale mlangoni ingekuwa ya Kalamu Mbili. Ilikuwa nyekundu na karibu mpya. Kalamu Mbili aliipapasa kiti kama mtu anayempapasa farasi wake mwenyewe.

Jumanne asubuhi, akiwa katika koti jeupe aliloazima kwa kinyozi, alibisha hodi kwa Mwalimu.

Chumba cha kukaushia kilikuwa nyuma ya nyumba: paa la nailoni nene lililopitisha mwanga, rafu za wavu kuanzia sakafuni hadi usawa wa kichwa, na feni mbili zilizozunguka polepole. Trei zilikuwa zimepangwa kama daftari za darasa lenye nidhamu. Kalamu Mbili aliingia akiwa amekunja uso, akaagiza aletewe sampuli. Aliinusa. Aliibonyeza kwa juu. Akaiinua mbali na macho kama picha ya mtu anayemdai, akatikisa kichwa.

"Rangi, Mama. Hii imeelekea weusi. Ngozi bora inatakiwa iwe nyekundu ya kung'aa."

Sasa, rozela iliyokaushwa kwa haki hukolea mpaka ikakaribia weusi, na inayong'aa ni ile iliyotiwa rangi ya dukani. Vilevile, unyevu wa ngozi hujificha upande wa chini, ulikolala kwenye trei. Anayeibonyeza kwa juu anapima afya ya mgonjwa kwa kutazama shuka. Mwalimu alimtazama mgeni wake kwa utulivu. Alikuwa amesahihisha mitihani ya maelfu ya wanafunzi, na uso wa mtu aliyesoma jalada la kitabu peke yake aliufahamu kama alivyofahamu ufunguo wa mlango wake.

"Umesomea wapi, mwanangu?"

"Nje, Mama."

"Nje ya wapi?"

"Nje kabisa."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu. Aliona kwamba mbele yake alisimama tapeli. Aliona pia kwamba tapeli huyo alikuwa na mikono miwili yenye afya.

Kalamu Mbili akadai kuonyeshwa makatoni yote manane. Mwalimu akamwambia kwa sauti ya unyonge, ambayo wanafunzi wake wa zamani wangeisikia wangekimbilia mlangoni, kwamba yalikuwa mawili tu. Wasaidizi wake wameondoka. Peke yake angefikisha manne, labda matano. Ni afadhali mkaguzi aandike tu kwamba ameshindwa, naye aanze kufunga virago.

Hapo Kalamu Mbili aliiona pikipiki nyekundu ikijiondokea ghalani bila dereva. Makatoni matano hayakuwa manane, na Tajiri hakuwa mtu wa kutoa magurudumu kwa sehemu. Akakohoa. Akaeleza kwamba taratibu mpya zinamruhusu mkaguzi kushiriki katika uzalishaji, ili azione kasoro kutoka ndani.

"Taratibu nzuri sana," alisema Mwalimu. "Nawa mikono. Mpaka kwenye viwiko."

Hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwa amefanya kazi ya mikono tangu utoto wake alivyojikuta ameketi kwenye kigoda, akitoa mbegu katika maua ya rozela, beseni baada ya beseni, mpaka kucha zake zikawa na rangi ya kosa la jinai. Alipodhani amemaliza, akapewa mwiko. Alipodhani mkono wake umekufa, akapewa chujio. Kila alipotaja wadhifa wake, Mwalimu alimwitikia "naam, mkaguzi" kwa heshima kamili, na kumsogezea beseni jingine.

Kutandaza ndiko kulikomshinda. Rojo linatakiwa lilale kwenye trei kwa unene mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na baada ya nusu siku ngozi igeuzwe ili mgongo wake nao upate hewa. Kalamu Mbili, ambaye maisha yake yote alikuwa ametandaza maneno, alimwaga rojo katikati na kulisukuma kidogo kwa mwiko akiamini kingo zitajitegemea. Kugeuza alikuona ni ushirikina. Trei zake za siku nne za kwanza zilitoka zikiwa zimependeza sana machoni: juu kavu, laini, zenye adabu. Mwalimu alizitazama moja baada ya nyingine na kusema kila mara maneno yaleyale, "Weka rafu ya chini."

Jumamosi Mwalimu alimshika kidole gumba, akakikandamiza upande wa chini wa mojawapo ya ngozi hizo. Kidole kikanata. Kilipobanduliwa kiliacha alama iliyokuwa imara kama sahihi. Kisha akaiinua ngozi dirishani, na katikati yake kukaonekana giza lenye umbo la embe.

"Juu mtu mzima, chini mtoto mchanga," alisema. "Wiki mbili, inaota manyoya. Zile za rafu ya chini zote ziko hivi. Tutaziangalia baadaye."

Kalamu Mbili aliona uchungu asioutarajia. Kumtapeli mtu mwingine hakukuwahi kumkosesha usingizi, lakini kuambiwa hajui kutandaza kulimkaa kooni Jumapili nzima. Jumatatu alifika kabla ya saa moja. Alitandaza trei moja kwa muda ambao wiki iliyopita alitandaza sita. Jumanne aligeuza ngozi zote bila kuambiwa. Jumatano alisikika akimwonya Mwalimu kwamba sufuria inachemka mno na rangi itaharibika, naye Mwalimu akapunguza moto bila neno, jambo ambalo kwa watu wa fani yake ni sawa na kupigiwa saluti. Alijifunza kuizungusha ngozi kwenye kidole ili aone kama itapasuka. Alijifunza kutafuna polepole, akisubiri uchachu upite ili aupime utamu unaofuata. Zile za rafu ya chini aliacha kuziwaza, kama watu wengi wanavyoacha kuwaza kazi zao za ujana.

Ijumaa mchana makatoni manane yalijaa. Kalamu Mbili alikuwa amekunja sehemu kubwa ya ngozi hizo mwenyewe, akazifunga kwa karatasi, akaziba makatoni kwa utepe wa gundi na kuyapanga kwa unyoofu wa kijeshi. Aliyatazama kwa muda. Inawezekana alisikitika. Masikitiko hayo, hata hivyo, yalikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa na rangi nyekundu na magurudumu mawili. Akatoka kwenda kutafuta mkokoteni.

Aliporudi, makatoni manane yalikuwa yamepangwa ukumbini. Akavaa koti la kinyozi, akavaa na uso wake wa kazi, akatangaza kwamba kwa masikitiko makubwa mzigo wote haufai na unapaswa kuteketezwa leo hii.

Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Mwalimu aliuliza tu kama amekula, kisha akaomba ripoti ya maandishi. Kalamu Mbili akachomoa kalamu yake ya kwanza, halafu ya pili. Mwalimu akampa yake, ya wino mwekundu.

"Andika sababu," alisema. "Ripoti bila sababu ni umbea."

Kalamu Mbili aliuma mdomo. Katika maisha yake yote alikuwa akijua kasoro za aina moja tu za ngozi ya rozela, nazo ni zile alizozitengeneza. Akaziandika: kwamba ngozi hizo ni nene katikati na nyembamba kingoni, kwamba upande wa chini unanata na kushika alama ya kidole, kwamba hazikugeuzwa, kwamba baada ya wiki mbili zitaota ukungu. Mwalimu alisimama nyuma ya bega lake, akamsahihishia nukta mbili na herufi kubwa moja, akamwambia atie sahihi na tarehe. Nakala ilikuwa moja, na Mwalimu ndiye aliyebaki nayo.

"Umeandika vizuri," alimwambia mlangoni. "Safari hii umesoma kitabu chenyewe."

Mkokoteni ukaondoka. Kalamu Mbili hakufungua katoni hata moja, na msomaji asimlaumu kwa hilo: ni nani hufungua katoni aliloliziba mwenyewe saa moja iliyopita?

Jumamosi, saa nne asubuhi, Tajiri wa Ghala alipanda ngazi za ofisi ya duka akifuatwa na makatoni manane yenye lebo yake na Kalamu Mbili mwenye koti lake. Mpima ubora alikuwa binti mwembamba aliyeketi karibu na dirisha, naye pia alivaa koti jeupe, isipokuwa hili halikuwa na nywele. Alisema Mwalimu alikwisha kufika saa mbili na kuondoka. Kalamu Mbili alidhani bibi wa watu alikuja kuaga. Tajiri akamtambulisha Kalamu Mbili kwa jina na kwa mkono uliochanuliwa: huyu ndiye mtaalamu wake, amesoma nje, kila ngozi iliyomo humu imepita mikononi mwake.

Binti akafungua katoni la kwanza, akatoa ukanda mmoja, akauinua dirishani.

Katikati palikuwa na giza lenye umbo la embe.

Kalamu Mbili hakuhitaji kusogea. Mtu huutambua mwandiko wake hata akiuona kichwa chini miguu juu. Alitambua ule msukumo mmoja wa mwiko, ule uvivu uliopindia kushoto, zile kingo zilizoachiwa zijitegemee. Ilikuwa Jumanne ya kwanza. Katoni la pili lilikuwa Jumatano. Zote zilikuwa za rafu ya chini, zimekunjwa usiku kwa unadhifu wa Mwalimu na kubadilishwa wakati yeye akitafuta mkokoteni, na kwa kuwa zilikuwa nene, siku nne zilikuwa zimetosha kujaza makatoni manane. Binti aligeuza ukanda, akakandamiza kidole gumba upande wa chini, na katika chumba kile walikuwepo watu wawili tu walioelewa maana ya sauti ndogo iliyotoka kidole kilipobanduka. Mmoja wao alitamani kuwa kuku.

"Hizi zimetengenezwa wapi?" aliuliza binti.

"Ghalani kwangu," alisema Tajiri. "Kwa mikono yangu, ukipenda."

Binti akafungua faili, akatoa karatasi yenye wino mwekundu. Alieleza kwamba mwalimu yule wa asubuhi alimwachia, akamwomba aisome endapo mzigo unaofanana na maelezo yake ungetokea mahali popote. Akaisoma kwa sauti, taratibu, na kila alipomaliza sentensi aliithibitisha kwenye ukanda uliokuwa mkononi mwake. Nene katikati. Nyembamba kingoni. Inashika alama. Haikugeuzwa. Alipofika kwenye sahihi, alisimama na kumtazama aliyesoma nje.

"Ripoti hii ni sahihi kabisa," alisema. "Mkaguzi aliyeiandika anaijua kazi yake. Ndiyo maana sielewi, kaka. Uliukataa mzigo jana, leo umeuleta."

Tajiri aligeuka polepole, funguo zikilia kiunoni. Alitaka kusema kwamba ametapeliwa, akagundua kwamba ili aseme hivyo ingembidi aeleze makatoni yaliyokwisha kutangazwa kuwa hayafai yalifikaje ghalani, na nani aliyabandika lebo.

Kalamu Mbili ndiye aliyesema, naye hakujua kwa nini.

"Ni mimi niliyezitandaza. Nilikuwa sijui bado."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolitamka mbele ya mtu mwenye faili kwa miaka kumi na minane, na halikumletea faida yoyote. Tajiri alinong'ona kwamba pikipiki aisahau, na kwamba akimwona karibu na ghala atamfungulia mbwa. Kisha akashuka ngazi bila kuaga na bila kuchukua mzigo.

Binti alikuwa bado anaandika. Bila kuinua kichwa, alisema kwamba katika mzigo wa Mwalimu aliopitisha asubuhi aliona mikono miwili tofauti. Mmoja ulikuwa wa mtu mzoefu. Mwingine ulikuwa wa mwanafunzi, unapindia kushoto kidogo, lakini umetulia, na ngozi zake zote zimegeuzwa kwa wakati. Zote alizipa daraja la kwanza, na oda ya kila mwezi ilikwisha kutiwa sahihi.

"Huyo mwanafunzi," alisema, "kama unamfahamu, mwambie aendelee."

Kalamu Mbili alitembea mpaka nyumbani kwa Mwalimu kwa miguu, usafiri pekee uliokuwa umebaki kwake. Alimkuta chumba cha nyuma, mikono ya gauni imekunjwa, akitandaza rojo la oda mpya. Wale mabinti wa dada yake walikuwa wamesimama kando, wametahayari, wakisubiri kusamehewa au kupewa beseni; Mwalimu alikuwa ameamua kuanza na beseni. Kwenye simu iliyowekwa dirishani, sauti ya mwanawe ilikuwa ikilalamika kwamba luninga sasa itatazamwa na nani.

Kalamu Mbili akasimama kizingitini. Alizungumza kwa ustadi wake wote uliobaki. Alitaja siku kumi, kucha zake, mgongo wake. Alitaja daraja la kwanza, ambalo nusu yake, kwa ushahidi wa mtaalamu asiye na upande, ilikuwa yake. Akahitimisha kwamba yeye si mtu wa makuu, ila jasho ni jasho, na Mwalimu ni mtu wa haki.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wote waliowahi kumweleza kwa nini hawakuleta kazi ya nyumbani.

"Mwanangu, wewe ulikuja hapa kama mkaguzi," alisema. "Mkaguzi akilipwa na mtu aliyemkagua, hiyo inaitwa rushwa, na mimi kwa umri huu siwezi kuanza tabia hiyo. Ukitoka, rudishia mlango. Vumbi linaingia kwenye trei."